Risasi ya Kufungia

Mashine niliikodisha kwa Kisilu, mia tatu kwa saa,
betri juu yangu, na mpini ukivunjika nalipa.
Nyumba za reli upande huu wa Muthurwa zimebomolewa;
tingatinga limelala Jumapili, matofali mdomoni,
na udongo mweusi, ule wa kunata, umepinduliwa
kama shuka la mgonjwa.

Navaa visikilizi. Naenda polepole, nafagia.
Ardhi ya Nairobi ni mpiga domo:
kizibo cha soda, inapiga kelele;
msumari, inapiga kelele;
kopo la samaki, utadhani imepata hazina.
Chuma hukoroma. Shaba huimba.
Risasi, sijui niseme vipi, risasi hushusha pumzi,
kama mtu mzima anayeketi.

Nikapiga magoti. Vidole viwili chini, vitatu,
kikatoka kitu kama kifungo cha koti,
kizito kuliko haki yake,
kijivu, tundu mbili ubavuni,
na ndani ya tundu moja, uzi.
Uzi! Katani imeoza ikawa rangi tu, lakini imo.

"Umeokota nini hapo?" soja wa mjengo akapaza sauti.
"Risasi."
Akarudi nyuma hatua mbili, mkono kwenye rungu.
"Si ya bunduki, ndugu yangu. Ya kufungia."
"Kumfungia nani?"
Sikuwa na jibu. Nikamwekea kiganjani.
Akaipima, akanirudishia, akaomba ya chai.

Usiisugue kwa siki. Usiikwaruze kwa kisu.
Ya kwanza niliikwaruza, nikafuta jina zima
la kitu nisichokijua mpaka leo.
Maji ya uvuguvugu, mswaki uliochoka, subira.
Kisha zima taa ya dari, ilaze tochi ya simu kando,
mwanga uje mshazari,
herufi ziote vivuli.

Upande mmoja: R, au K iliyovunjika mguu.
Chini yake 4, labda 1 iliyobanwa ikajikunja.
Upande wa pili, meno ya koleo, mistari mitatu.
Ya mita ya stima? Zile ni ndogo, na uzi wake ni waya.
Ya robota la nguo? Mbona haina alama ya duka.
Ya behewa, basi. Nadhani. Nadhani ya behewa.

Nikampelekea Nasimiyu, aliyekuwa karani bohari la mizigo,
siku hizi anauza mayai Makadara na hapendi kusumbuliwa.
Herufi hakuzitazama. Alipitisha ukucha kwenye meno.
"Aliyebana hii alikuwa mashoto."
"Baba yangu alikuwa mashoto," nikasema, koo limekauka.
"Bohari lilikuwa na mashoto watano," akasema,
"na mmoja aliiba sukari. Trei unachukua au huchukui?"

Nilichukua trei.

Lakiri haizuii mwizi. Mtoto angeikata kwa meno.
Kazi yake ni kusema tu: hapa pameguswa.
Na zote ninazozifukua zimekwisha kukatwa;
mzigo ulifika, au haukufika,
mlango ulifunguliwa na mwenyewe, au na mwingine,
zenyewe zinajua uzi ulikatika, basi.
Baba alifunga mabehewa miaka ishirini na mitatu.
Nyumbani hakufunga hata kabati.
Tulipomuuliza mabehewa yalibeba nini, alisema:
"Mimi ni wa nje ya mlango."

Wanunuzi wa vyuma Gikomba wangeitia kwenye gunia,
mizani ikatikisika kidogo, mimi nikapata shilingi mbili.
Nimeitia kwenye bahasha ya kaki,
na kwa mkono ule ule mwalimu alioupiga rula
nikaandika: Muthurwa, karibu na mtaro.
R au K. 4 au 1. Behewa (?). Mashoto.
Aliyebana:
hapo nikaacha wazi.

Nikanawa mikono mara mbili, risasi ni sumu.
Simu ikalia. Kisilu.
Anasema zilikuwa saa nne, si tatu.